Jani la mgunga lina wapangaji wangapi?



Chukua kijiti cha mgunga ambao ni mzima kabisa, hauna doa wala jani la njano. Kikate vipande vidogo vidogo, vioshe kwa spiriti, kisha kwa Jik iliyozimuliwa, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, ili kila kilichokuwa juu ya ganda kife. Halafu viweke kwenye sahani yenye agari, ile jeli itokanayo na mwani, funika, subiri. Baada ya siku tatu nne utaona nyuzinyuzi zinatoka kwenye vipande vile, nyingine nyeupe, nyingine za kijivu, nyingine nyeusi kama masizi. Hazikutoka hewani. Zilikuwa ndani ya mti muda wote, na mti ulikuwa mzima.

Hapo ndipo ninapotaka kuanzia. Tumezoea kudhani kwamba mmea mzima ni mmea usio na vijidudu, na kwamba kuvu ikionekana basi ugonjwa umeingia. Kwa mimea ya savana (na kwa kweli karibu mimea yote) sivyo ilivyo. Mmea mzima ni kama nyumba ya Uswahilini: vyumba vyote vina wapangaji, na wengi wao ni watu wa amani. Swali la maana ni akina nani wamo, na wafanye nini siku mwenye nyumba akidhoofika, au siku akijengwa jirani mgeni pembeni.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, manake najua hapa kuna watu wa lugha. Mtaani tunasema fangasi, na mara nyingi tunamaanisha ugonjwa wa ngozi. Ukungu ni ule wa kwenye mkate wa siku nne, lakini pia ni ule wa asubuhi Lushoto. Uyoga ni tunda tu la baadhi ya kuvu, kama embe lilivyo tunda la mwembe. Mimi nitatumia kuvu kwa kundi zima. Ninazozungumzia leo ni zile ndogo ambazo bila hadubini huzioni, au unaona doa tu na si mwenye doa. Zile zinazoishi ndani ya mmea bila kuuumiza wataalamu huziita endofaiti.

Sasa, zinaishi wapi hasa? Kila mahali. Juu ya jani kuna kuvu nyeusi za jamii ya Meliola, zinazoonekana kama mtu amemwaga masizi. Mtaalamu wa kuvu wa serikali ya kikoloni kule Uganda, C. G. Hansford, alizikusanya miaka mingi, na mwaka 1961 akachapisha kitabu kikubwa juu ya kundi hilo. Ndani ya jani zimo endofaiti. Jani likichipua huwa karibu tupu. Vumbi la uzazi wa kuvu, yaani spora, huletwa na upepo na mvua, kwa hiyo jani kuukuu lina wapangaji wengi kuliko changa. Chini ya ganda la tawi kuna nyingine. Kwenye mizizi kuna zile zinazobadilishana na mti: kuvu inaleta fosfati na maji, mti unalipa kwa sukari. Kwenye miombo yetu ya Tanzania, Peter Högberg wa Sweden alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba miti kama Brachystegia na Julbernardia ina aina moja ya ushirika huo, wakati mninga una aina nyingine kabisa. Uyoga mwingi ule akina mama wanaouza barabarani msimu wa mvua ni matunda ya kuvu za kwenye mizizi ya miombo. Ukifyeka miombo, uyoga huo nao unakwisha, hata ukipanda miti mingine hekta kwa hekta.

Na kuna vyumba ambavyo hata wataalamu hawakuvifikiria. Brazil wana savana yao iitwayo cerrado. Profesa J. C. Dianese na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Brasília wamekuwa wakichunguza majani ya huko tangu miaka ya 1990, na mwaka 2009 walitangaza jenera mpya kabisa za kuvu zinazoishi juu ya nywele za majani. Si aina mpya tu, ni jenera. Nywele za jani! Mimea ya savana ina majani yenye vinyweleo vingi kwa sababu ya jua na ukame, na kumbe kila unyweleo ni uwanja.

Basi jumla ziko ngapi? Mwaka 1991 Mwingereza David Hawksworth alikadiria kuvu za dunia nzima kuwa milioni 1.5, kwa hesabu ya wastani wa aina sita za kuvu kwa kila aina ya mmea. Mwaka 2017 yeye na Robert Lücking walipandisha hadi kati ya milioni 2.2 na 3.8. Zilizokwisha kupewa jina ni sehemu ndogo tu ya hizo. Kwa Afrika Kusini peke yake, Pedro Crous na wenzake walikadiria mwaka 2006 kwamba ni kama aina 200,000, na wakasema wazi kuwa hapo wamejibana, bila kuhesabu zile za kwenye wadudu. Linganisha na orodha ya Ethel Doidge iliyochapishwa mwaka 1950, iliyokusanya kuvu na lichen zote za Afrika Kusini zilizojulikana hadi 1945: ilikuwa na aina elfu nne na ushei. Na hiyo ilikuwa kazi ya maisha ya mtu.

Huyu mama Doidge hakuanza kutoka sifuri, na hili ni muhimu kwa hoja yangu. Pretoria, mwendo wa saa moja kutoka hapa nilipo, kuna hebaria ya taifa ya kuvu iliyoanzishwa 1905 na I. B. Pole Evans. Hebaria ya kuvu si kitu cha kuvutia watalii: ni makabati yenye bahasha, na ndani ya kila bahasha kuna jani lililokauka lenye doa, na karatasi inayosema limechumwa wapi, lini, na nani. Lakini ni kumbukumbu. Mtu wa leo akitaka kujua kama kuvu fulani ilikuwapo nchini mwaka 1920, anafungua bahasha na kuangalia.

Twende kwenye mgunga sasa. Mgunga wa huku kusini ni ule tuliokuwa tukiuita Acacia karroo na sasa unaitwa Vachellia karroo, baada ya mkutano wa wataalamu wa mimea Vienna mwaka 2005 kuwaachia Waaustralia jina la Acacia. (Wataalamu wa Afrika walipinga, wakashindwa tena Melbourne mwaka 2011. Kiswahili kimetuokoa: mgunga ni mgunga.) Huu mti umejaa tele kwenye mabonde na vilima vya hapa, pale nyasi za nyanda za juu zinapokutana na savana. Mtu angedhani mti wa kawaida hivyo umeshachunguzwa ukaisha.

Kumbe wapi. Katika Chuo Kikuu cha Pretoria kuna taasisi inayoitwa FABI, iliyoanzishwa mwaka 1998 chini ya Mike Wingfield, inayoshughulika na magonjwa ya miti. Watafiti wake, wakiongozwa na Fahimeh Jami, walichukua mgunga huo mmoja na kuangalia familia moja tu ya kuvu, Botryosphaeriaceae (nitaiita ukoo wa Botrio, tusichoshane). Mwaka 2012 walitangaza aina tano mpya kwa sayansi. Moja wakaiita pretoriensis, nyingine urbis-rosarum, yaani ya mji wa mawaridi, ndiyo Bloemfontein. Mti mmoja, ukoo mmoja wa kuvu, aina tano ambazo hazikuwa na jina.

Halafu mwaka 2013 wakatoa matokeo mengine, na haya ndiyo yaliyonifanya niandike. Walilinganisha sehemu za mgunga zilizo wagonjwa na zilizo nzima. Utegemee nini? Kwamba kuvu zitakuwa nyingi kwenye ugonjwa, sivyo? Ikawa kinyume: aina za Botrio zilikuwa nyingi zaidi kwenye sehemu nzima. Maelezo yanayoingia akilini ni haya: mti ukiwa na nguvu, wapangaji wengi wanaishi pamoja na hakuna anayetawala. Mti ukidhoofika, wawili watatu wenye ubabe wanachukua nyumba nzima.

Na nini kinaudhoofisha mti? Ukame, baridi kali, moto, mvua ya mawe. Huku mvua ya mawe ni jambo la kawaida la kiangazi. Kwenye mashamba ya misonobari ya Afrika Kusini inajulikana kuwa mawe yakipiga, wiki chache baadaye miti inakauka kuanzia juu kwa sababu ya Diplodia sapinea, kuvu ya ukoo huohuo wa Botrio ambayo ilikuwa imejikalia kimya ndani ya mti. Hakuna aliyeileta siku ile. Kwa hiyo tukisema tabianchi inabadilika, ukame unaongezeka, tusihesabu maji na nyasi tu. Tuhesabu na hawa waliolala ndani.

Sasa nije kwenye jambo la pili, la kuvu kuhama kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Mji huu wa Johannesburg ulianza 1886 dhahabu ilipogunduliwa, na migodi ilihitaji nguzo. Miti ya asili ilikuwa haba, ikapandwa mikaratusi kutoka Australia. Baadaye mikaratusi ikawa biashara kubwa ya karatasi. Mwaka 1989 watafiti waliripoti kwamba mikaratusi ya Afrika Kusini inapata donda la shina linaloua. Kuvu ilionekana kama ile iliyojulikana Amerika ya Kusini, ikadhaniwa ni hiyohiyo, imeingia kutoka nje. Wazo la kawaida: mgeni kaja na maradhi.

Lakini walipochunguza vinasaba wakakuta si yenyewe. Mwaka 2004 Marieka Gryzenhout na wenzake wakaipa jina lake, Chrysoporthe austroafricana. Na mwaka 2006 ikaripotiwa kwenye Syzygium cordatum, mti wa asili wa kando ya mito, jamaa wa mzambarau. Kwenye mti huo wa asili madhara yake ni madogo. Yaani ilikuwa mpangaji wa siku nyingi wa mti wa Kiafrika, ukaletwa mti wa ukoo mmoja na huo kutoka Australia, usiomjua wala usio na kinga naye, akahamia. Mwaka huohuo 2006 Mganda mwenzetu Grace Nakabonge, akiwa na kundi la Pretoria, alionyesha kwamba kuvu za jenasi hiyo zimeenea hadi Zambia, Malawi, Msumbiji na Kenya.

Waungwana, mnaona uzito wa jambo hili? Kama wangebaki na dhana ya kwanza, wangeweka walinzi bandarini kuzuia kitu ambacho kiko mtoni nyuma ya shamba. Huwezi kujua kilicho kigeni kama hujui kilicho chako.

Na msidhani ni habari ya mikaratusi ya Makaburu tu. Mkarafuu nao ni Syzygium. Nao ni mgeni kwetu, asili yake visiwa vya Maluku. Mwaka 1952 F. J. Nutman na mwenzake walieleza ugonjwa wa kukauka kwa matawi ya mikarafuu Zanzibar uliosababishwa na kuvu waliyoijua kwa jina la Endothia eugeniae. Mwaka 1986 ikaonyeshwa kwamba hiyo ni sawa na ile inayoua mikaratusi Amerika ya Kusini, ambayo leo inaitwa Chrysoporthe cubensis. Kwa hiyo karafuu ya Pemba na karatusi ya Brazil wana adui mmoja. Mkulima wa Wete hana habari na hili, na sijui kama bwana shamba wake ameambiwa.

Mfano mwingine mnaoujua ni chule buni. Kahawa ya arabika asili yake ni Ethiopia. Ugonjwa huo uliripotiwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922, na mpaka leo haujatoka nje ya Afrika. Wenye mashamba ya Kilimanjaro na Kirinyaga wanajua gharama ya dawa zake.

Mchezo huu pia unachezwa upande wa pili, na hapa Johannesburg tunauona barabarani. Mwaka 2017 aligunduliwa Pietermaritzburg mdudu mdogo wa milimita mbili hivi, kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, anayetoboa miti na kupanda ndani ya tundu kuvu yake iitwayo Fusarium euwallaceae. Hali mti, anakula hiyo kuvu, ni mkulima. Tatizo ni kwamba shamba lake linaziba mishipa ya maji ya mti. Mwaka uliofuata alikuwa ameshathibitishwa Johannesburg. Mialoni mikubwa ya Kiingereza, na miti aina ya Acer negundo, imekufa mitaa mizima kwenye vitongoji vya kaskazini, na imeonekana akishambulia hata miti ya asili. Alijulikana haraka alikuwa nani kwa sababu kulikuwa na watu waliofunzwa, maabara, na kumbukumbu ya kulinganishia. Hata hivyo hawakuweza kumzuia. Je, kwetu?

Kwetu hali ni hii. Kumbukumbu zetu nyingi ziko nje. Makusanyo ya kuvu ya iliyokuwa taasisi ya kifalme ya mikolojia, yenye sampuli nyingi za Afrika Mashariki, yalihamishiwa Kew, London, mwaka 2009. Orodha ya D. L. Ebbels na D. J. Allen ya mwaka 1979 kuhusu magonjwa ya mimea Tanzania ni kazi nzuri, lakini sehemu kubwa ni ya mazao. Miti ya porini imo kwa kudonoadonoa. Kazi nzuri zaidi kuhusu uyoga wetu, ya Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi, ilitoka 2003, nayo ni ya uyoga unaoonekana kwa macho. Huku nyuma tunapanda mikaratusi, misonobari na miparachichi kwa kasi katikati ya savana na miombo ambayo hatujui ndani yake mna nani.

Mdogo wangu ana miparachichi Njombe. Mwaka huu alinitumia picha za matawi yanayokauka kuanzia nchani, akaniuliza ugonjwa umetoka kwa muuza miche yupi. Nilimjibu kwamba kwa picha hakuna mtu anayeweza kusema, awe na shahada tatu. Nikamwelekeza akate tawi pale kijani kinapokutana na kahawia (sehemu iliyokufa kabisa ina wala mizoga tu, haisaidii), afunge kwa gazeti, si kwa mfuko wa plastiki, na ampelekee bwana shamba mapema. Na nikamwongezea: kabla hujamlaumu muuza miche, angalia miti ya porini iliyopakana na shamba lako. Alicheka. Lakini kuna aina za Botrio, kama Neofusicoccum parvum, ambazo zinajulikana kushambulia miparachichi, miembe na mizabibu, na pia zinaishi kwenye miti ya asili. Kundi la Jami lilionyesha hapa Pretoria kwamba miti ya asili isiyo na undugu wowote inachangia baadhi ya wapangaji hao.

Msije mkaelewa kwamba nashauri kufyeka miti ya asili au kumwaga dawa kila mahali. Ni kinyume chake. Kule Panama, A. Elizabeth Arnold na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba majani ya kakao yenye endofaiti yaliumizwa kidogo na ugonjwa kuliko yasiyo nazo. Wapangaji wema wanalinda nyumba. Na sisi tuna mfano wetu wa uchungu: mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 Ukambani, Kenya. Dawa iliyotokana na utafiti uliofuata, Aflasafe KE01, si kemikali. Ni kuvu ya Kenya yenyewe, aina ya Aspergillus flavus isiyotoa sumu, inayosambazwa shambani ili iwahi nafasi ya ile yenye sumu. Haikuletwa kutoka nje. Ilitafutwa katikati ya ndugu zake wabaya, ikapatikana kwa sababu kuna watu waliokaa chini kuhesabu na kutofautisha.

Kwa hiyo hoja yangu ni fupi. Kuhesabu kuvu za mgunga, mng'ongo, mninga na mzambarau mwitu si anasa ya maprofesa. Ni kama daftari la nyumba kumi: siku mgeni akiingia unajua ni mgeni, na siku mwenyeji akigeuka jambazi unajua ni mwenyeji. Haihitaji mabilioni. Inahitaji bahasha, kabati kavu, hadubini, mtaalamu mmoja anayelipwa kwa wakati, na wanafunzi wanaoambiwa kwamba doa kwenye jani linatosha kuwa tasnifu. Wale wenzangu mnaosimamia wanafunzi wa Morogoro, Nairobi, Makerere au Zanzibar, mkikosa mada, mada hiyo hapo. Mti wa kwanza uwe ule ulio nje ya dirisha la ofisi yenu.

Naomba kutoa hoja.